Mbwa Kumi na Mmoja wa Gerson

Bukene, 4 Novemba 2024
Asubuhi mawingu, mvua hakuna.

Mwanangu Josepha,

Hujambo huko Isevya? Mimi mzima, ila goti. Sikupigi simu kwa kuwa neno la simu halina tarehe.

Nilimwomba huyo mchumba wako, Mwalimu Gerson, aniandikie Kiingereza kidogo, nilichosoma hadi kidato cha nne kisinipotee. Ameleta daftari. Misemo kumi na moja, yote ina mbwa! Underdog, mnyonge anayetazamiwa kushindwa. Dogsbody, wa kutumwa kazi wasizozitaka wenzake. Wa sita ni mbwa aliyelala horini: nyasi hali, na ng'ombe hamwachii ale. Huyo ni mimi, mjane nisiyetaka kukuachia. Barua yake ya posa iko mezani, sijaijibu. Watu wake ni wa wapi?

Mama yako

Isevya, 9 Novemba

Shikamoo mama. Pole na goti. Mimi sijambo, cherehani haipumziki.

Nimemuuliza Gerson kwa nini mbwa. Akacheka: "Mama anajua." Mama, usiikatae posa kwa ajili ya daftari.

Mwanao

Bukene, 13 Novemba
Jua kali tangu saa moja.

Marahaba mwanangu. Niliuliza watu wake, umeliruka swali. Nimeliandika kwenye shajara tarehe nne, na leo tena. Mama anajua nini? Anayemtukana mkwe kabla ya mahari, baada ya mahari atakufanya nini wewe? Siku ya tatu hii sipati usingizi kabla ya saa nane. Mshenga wake, Renatus, akija tarehe thelathini, jibu ni hapana.

Mama yako

Isevya, 17 Novemba

Shikamoo mama. Nisamehe. Gerson ni Mgogo. Babu yake alitoka Manyoni akahamia Tabora. Nilikuficha kwa sababu umesema siku zote kwamba unataka mkwe Mnyamwezi. Yeye anadhani nilikwambia zamani. Nina homa, naandika nimelala.

Mwanao

Bukene, 25 Novemba
Mvua ya kwanza, nzuri.

Mwanangu,

Homa imeondoka? Barua yako ilinikuta msibani, ndiyo maana nilinyamaza. Shangazi yako Yustina tumemzika tarehe ishirini.

Kwa kuwa uliumwa, Gerson alikuja mwenyewe kwa treni. Jeneza lilipofika kaburini, akajilaza mbele yake. "Hazikwi mtu hapa! Babu zenu walipita Ugogo na mizigo yao, wakanywa visima vyetu hadi tope. Nataka maji yangu!" Mzee wetu Elieza akammwagia ndoo nzima. "Maji yako hayo, Mgogo! Kajaze kisima!" Wanawake wakaangua kicheko katikati ya kilio, nami nikacheka, na wifi yangu ndani ya sanduku. Kisha akashika koleo, hakuliachia hadi kaburi likajaa.

Wewe ni wa mjini na cherehani, hukukua na mambo haya. Mgogo ni mtani wetu tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana, na siku ya msiba ndiye anayekuzikia. Laiti ungeniambia kabila lake, kwa mbwa wa kwanza tu ningemjibu.

Daftari namrudishia. Ndani nimeweka jibu la posa: mshenga aje. Na mwambie mbwa wake walipungua mmoja, nimeongeza wa kumi na mbili kwa mkono wangu: mbwa aliyelala asiamshwe.

Jana nililala saa tatu na nusu.

Mama yako