Matanga ya Baba Aliye Hai

Nyumbani, mwezi wa nane, mbalamwezi

Mwanangu Boqian,

U hali gani huko ikulu? Sisi wazima, ila kifua changu ni kile kile, na mama yako ananikemea kama mtoto.

Tumesikia mshauri mwenzako Peng kakatwa kichwa kwa kumpinga mfalme, nawe bado unapinga. Kwani kichwa chako cha chuma? Sikiliza. Mimi nimekufa. Mwambie mfalme hivyo. Afisa aliyefiwa na baba huacha kazi akakaa matanga miaka mitatu, na mfalme hamzuii. Vaa nguo za katani za mfiwa, lia kidogo, njoo tule maboga.

Baba yako

Ikulu, mwezi wa tisa

Shikamoo Baba,

Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, usingizi tu ndio haba.

Umenichekesha, kisha nikalia. Mfalme anataka kukata tuta la mto ili mji wa jirani ugharike, watoto na wote. Nikiondoka, nani atamwambia? Halafu nimlilie baba aliye hai? Mwenyewe ulinichapa kwa uongo wa yai moja! Nitasema tena siku ya tambiko la majira ya baridi. Nisamehe.

Mwanao

Nyumbani, mwezi wa kumi, barafu imeanza

Boqian, salamu.

Safari hii usiniulize afya. Hutaki uongo? Haya, hautakuwa uongo. Uji wa mtama anaoniletea mama yako nampa mbwa, kanenepa huyo! Dawa namwaga. Mimi umri nimeushiba, mwanangu, wewe bado. Barua hii ikifika, vaa katani kabla ya tambiko. Wala usinibishie, ubishi wenyewe umeurithi kwangu.

Baba yako

Ikulu, jioni ya tambiko

Baba! Shikamoo, shikamoo.

Barua yako imenikuta nikitoka kwenye tambiko. Nilikuwa nimeshasema. Nilipiga magoti nikingoja upanga. Mfalme akaamuru upanga urudishwe alani, weee, na tuta liachwe. Nipo hai, Baba! Kichwa changu nakishika sasa hivi.

Tarishi nimempa farasi wangu mwenyewe. Kula. Hata vijiko viwili. Mnyang'anye huyo mbwa! Kesho alfajiri nami nafuata, nimevaa nguo zangu za kila siku. Mtunza nguo wangu, kwa kuiona barua yako, ameniletea katani, nimemfukuza.

Jibu lako nitalipokea njiani. Andika mwenyewe, Baba, tafadhali. Nikiona mwandiko wa mama, barua sitaifungua.

Mwanao