Ukurasa wa Babu Kitavi

Jumatano, 19 Februari 2025

Hili sijamwambia mtu: mimi ni mwizi. Jana shule ilitupeleka maktaba ya chuo kikuu, town. Chumba cha hati za zamani. Baridi, kimya — nilipapenda! Mzee Oloo, mhudumu, aliniona nimeganda mbele ya daftari la katekista mmoja, la 1954. Akanifungulia. “Soma pole pole, mama. Wenzako wamekuja kupiga selfie tu.” Yvonne wa darasa letu akacheka — eti nitaolewa na maktaba.

Kisha nikaliona jina. Kitavi, na kijiji chetu. Babu yangu! Alimpelekea D.O., afisa wa wakoloni, majina ya majirani waliokula kiapo cha Mau Mau. Wanaume wanne. Walikamatwa, hakuna aliyerudi.

Mzee Oloo akageuka kuwaonyesha wengine ramani. Nikauchana ukurasa ule kutoka daftarini, nikautia mfukoni. Sauti ndogo sana.

Jumapili, 23 Februari

Leo ndugu yangu mchanga amepewa jina. Kwetu Wakamba, mvulana wa kwanza hubeba jina la babu. Kitavi. Susu, mjane wa babu, alimwinua mbele ya wageni. Nyumba yetu ya Uthiru ilijaa. Akasema mzee wake hakuwahi kumsaliti mtu.

“Kanyiva, mbona hupigi makofi?”

Nikapiga.

Alhamisi, 27 Februari

Mwalimu Waweru ametuambia ukurasa umepotea. Mzee Oloo amesimamishwa kazi — funguo zilikuwa kwake. Alikuwa astaafu Juni. Kama ni mmoja wetu, aseme.

Yvonne: “Nani aibe karatasi kuukuu, mwalimu? Si hata pesa!”

Darasa zima likacheka. Mimi pia.

Jumamosi, 1 Machi

Asubuhi nilitaka kuuchoma. Jiko lilikuwa linawaka. Sikuweza.

Nikaenda town peke yangu. Nikaweka ukurasa, ndani ya bahasha, mezani kwa mkutubi. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikasema niliuchana mimi, Mzee Oloo hakujua. Kwa nini? Nikamwonyesha jina la babu. Akasoma mpaka chini. Halafu akasema pole, lakini lazima azungumze na mzazi.

Nikampa namba ya mama. Susu ndiye aliyepokea. Hata mimi nilimsikia: “Kanyiva amefanya nini?”

Mkutubi akanitazama. Nikanyoosha mkono, nikaomba simu, nimwambie Susu mimi mwenyewe.