Moto wa Njano Jikoni kwa Zuhura

Baba Zuhura wangu,

Leo nimekaa chini tangu adhuhuri na sitaki kuinuka. Nimechoka, tena si mgongo peke yake. Miaka yote ile tukizunguka Johannesburg kutengeneza hita za gesi za kuchemshia maji, wewe na boksi lako la vifaa, mimi na pua yangu, sikuwahi kuchoka namna hii.

Unakumbuka? Ile homa ilikuibia pua, ukawa husikii harufu hata ya kitunguu kinachoungua. Fundi wa gesi asiyesikia harufu! Ungemwambia nani? Ukanichukua mimi. Unafungua kifuniko cha hita, unasogea pembeni, unasema, "Nusa, mama." Nami nainama na buibui langu, nanusa kiungo kimoja kimoja, nakwambia hapa pazima, hapa panavuja. Kisha unapaka maji ya sabuni kuhakikisha. Yule bibi wa Parktown alidhani nakufuata nikulinde na wanawake. "Mkeo ana wivu sana," akakwambia. "Sana, mama," ukamjibu, "mpaka na hita." Nilicheka mpaka watu kwenye teksi wakatugeukia.

Zuhura amejifungua binti. Hukumuona, na hilo linaniuma kila nikimbeba. Nipo kwake Mayfair, kwenye vyumba vya uani, namlea mzazi arobaini yake. Mumewe analinda lango huko Braamfontein, hatuonani naye sana. Asubuhi na jioni namkanda Zuhura kwa maji ya moto, kama mama alivyonikanda mimi Tanga, kwa hiyo hita haipumziki. Na baridi ya Julai ya huku unaijua. Mzazi hatakiwi kupigwa na upepo, basi tulifunga madirisha yote, tukaziba kwa matambara hata ule upenyo wa hewa ukutani jikoni, juu ya hita.

Jana asubuhi hita ikaanza kuzimika yenyewe. Inawaka, inakwenda kidogo, pu, imezima.

"Eish, Mama, achana nayo," Zuhura akasema kitandani. "Utaita fundi."

Fundi! Mimi nimelala na fundi miaka yote hiyo. Nikabadilisha betri, cheche zikalia vizuri. Maji yanakuja kwa nguvu. Mtungi umejaa. Nikanusa viungo vyote, nikapaka sabuni, hamna kitu. Magoti yananiuma, kichwa kizito, nikasema kwa sauti kama mwendawazimu, "Sasa nini, Baba Zuhura?"

Nikawasha tena na kuchungulia kwenye kile kidirisha chake. Moto ulikuwa wa njano, unayumbayumba, na masizi yamepanda juu.

Hapo nikakusikia. Siku ile tulikuwa Hillbrow, kwenye bafu la yule mama Mkongo mshona nguo, nami nainama kunusa kama kawaida, ukanishika bega. "Gesi inayovuja utaisikia. Lakini moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyo na harufu. Hapo pua yako haifai kitu, mama. Tazama rangi. Ukiuona wa njano, zima, toa watu nje."

Baba Zuhura, mwanao alikuwa analalamika kichwa tangu alfajiri. Alitapika, nikamwambia ni uchovu wa uzazi, nikampikia uji wa pilipili manga. Na mtoto alikuwa amelala tu. Hanyonyi, halii, nami nikasema mashallah, mtoto mtulivu huyu.

Nilifunga gesi, nikavuta matambara, nikafungua milango yote. Nikamnyakua mtoto, nikamburuta Zuhura uani na khanga moja, mzazi mbichi kwenye baridi ile. "Mama, umechanganyikiwa?" akanifokea, miguu haimshiki. Jirani akatukimbiza hospitali na gari lake. Wakawekewa oksijeni wote wawili, na mimi pia. Nilimtazama yule mtoto na ile barakoa iliyomzidi uso, sikujua hata dua gani nisome. Nilikuwa nakuita wewe tu. Nimekukasirikia, Mungu anisamehe, kwa kuniacha peke yangu na mambo haya.

Leo asubuhi wameturuhusu. Hita nimeifunga, haiwashwi mpaka fundi mwenye kibali aje aikague, na ule upenyo hauzibi mtu tena, baridi na iingie. Maji nachemsha kwenye birika, naleta kidogo kidogo, ndiyo maana sijiwezi.

Zuhura analalamika. Maji ya vuguvugu, uji una pilipili nyingi, upepo unaingia, mama unanikanda kwa nguvu. Na huyu binti kaanza tangu tulipofika, analia mpaka majirani wanatuchungulia, ananyonya, anaachia, analia tena.

"Mama, fanya kitu, mtoto hanyamazi!"

Nimemwambia amwache alie. Nimekaa hapa mlangoni namsikiliza, baba, na sitaki anyamaze.

Mola akulaze pema, mume wangu. Mimi ngoja nikalitie birika maji.

Mkeo,
Mama Zuhura