Gia ya Chuma ya Mama Mkwe

Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Unaikumbuka ile mashine ya mama mkwe ya kukandia unga, yenye gia ya plastiki inayovunjika kila mara? Nikamwekea ya chuma. Meno nilihesabu mara tatu, tundu nikapima, ikakaa kama imezaliwa humo.

Muuza vipuri alinionya: "Ile ya plastiki imewekwa makusudi ivunjike, mota ipone." Nikamjibu mimi sinunui kitu cha kuvunjika. Tena mbele ya wateja wake.

Leo mama mkwe kaita dada zake waje waone kazi ya mkwe. Mashine inazunguka, mwiko ukamponyoka, ukazama kwenye unga, ukaukwamisha mkono wa mashine.

Gia haikuvunjika. Mkono wa kukandia umepinda, mota imetoa moshi, jikoni tumetoka mbio wote. Gia haina hata mkwaruzo.

Nimeifungua mashine, mota imeungua kabisa. Mama mkwe wala hakugomba. Kaichukua ile gia, kaifuta unga taratibu, kanishikisha mkononi mbele ya dada zake.

"Shika, baba. Hii bado nzima. Kamwekee mama yako."