Mwanawe Nani?

Mpendwa mshauri wa redio, uniwie radhi kwa kukuchosha na jambo ambalo huenda ukaliona dogo. Mimi ni mzee mgane wa hapa kijijini Lukachukai, nililelewa katika shule ya wamisionari ambako tulifunzwa kutosumbua watu, lakini jambo hili limeniondolea raha na sina tena mke wa kuniambia ninyamaze.

Mjukuu wangu Shandiin, binti wa mwanangu wa kiume, anakaribia kujifungua, na Jumapili tukinywa supu ya kondoo alitangaza kwamba mtoto hataitwa Begay, jina letu la familia, na nilipomwuliza sababu akacheka: "Babu, kule kliniki nesi akiita 'Begay!' nusu ya benchi inasimama, na wala si ndugu! Halafu Begay kwa lugha yetu si ni 'mwanawe' tu? Haya, mwanawe nani?"

Nikamweleza nilivyosimuliwa na baba yangu, kwamba mzee wetu wa kwanza kulibeba aliulizwa jina na karani wa serikali, na kwa kuwa kwetu si adabu mtu kujitaja mwenyewe, jirani alimjibia, akataja jina la baba mtu kisha akamalizia "mwanawe", na karani, asiyeijua lugha yetu, akadaka neno la mwisho akaliacha la kwanza. "Kumbe tumebeba mkia!" akasema Shandiin. "Kichwa kiko wapi, babu?"

Nakiri kwamba nami, baada ya kuliandika jina hilo maisha yangu yote, nimeshikwa na hamu ya kujua, na dada yangu mkubwa, Elouise, analijua jina lililoachwa, ila nilipomgusia alinijia juu: "We Wilbert, wamisionari walikuosha mpaka akili? Unataka nimwite marehemu hapa sebuleni kwangu?" Shandiin naye anasema jina hilo likipatikana mtoto atapewa, lisipopatikana atachukua la baba yake, Yazzie.

Kinachoniuma, mshauri, na unisamehe kwa ubinafsi huu, ni kwamba ukoo wetu tunaurithi kwa mama, hivyo ukoo wangu wa Nyumba Ndefu ni wa mwisho, ule wa baba wa baba, kati ya koo nne anazozitaja Shandiin akijitambulisha, na mtoto wake hatautaja kabisa. Jina nalo likiondoka, nitabaki na nini kwake? Je, nimshurutishe dada yangu?

Wako mtiifu,
Mgane wa Lukachukai

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole, na radhi umeomba za kutosha.

Dada yako mwache. Mwiko wa kuwataja waliokufa unaujua vizuri kuliko mimi, na umri wako si wa kufundishwa adabu na redio. Ukimshurutisha utapata jina na kumpoteza dada.

Shandiin naye mwambie, kwa utani, kwamba Yazzie maana yake ni "mdogo". Mdogo wa nani? Akienda kliniki na jina hilo, itasimama ile nusu ya benchi iliyobaki.

Sasa hesabu nami zile koo nne, maana naona huzuni imekuvuruga. Wa kwanza wa mtoto ni wa mama yake, wa pili wa baba yake, wa tatu wa baba wa mama yake. Huyo si mwanao? Na mwanao ukoo wake ni wa nani, kama si wa mama yake, marehemu mkeo? Kila mtoto huyo atakaposimama mbele za watu kujitambulisha, atautaja ukoo wa mke wako, kwa sauti, bila kuvunja mwiko wowote. Wewe unalilia neno alilolidondosha karani, na huyu unayemkosa nyumbani anarudi kutajwa!

Kuhusu wewe mwenyewe, acha kungoja kurithiwa. Unajua desturi: anayemchekesha mtoto kicheko chake cha kwanza ndiye anayemwandalia karamu na kumshika mkono akiwagawia wageni chumvi. Nunua chumvi ya mawe mapema. Nenda kwao mara kwa mara, umbebe, uvue huo uso wa kanisani, umtolee ulimi ikibidi. Shangazi zake wote watakuwa wanawania nafasi hiyo, nakuonya.

Mambo ya jina mwachie mama yake. Wewe kamchekeshe.