Fundo la Nne kwenye Kamba Yako

Koki wetu,

Ni mwaka mmoja sasa tangu barua isomwe kanisani kwamba uitwe Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kutangazwa mtakatifu, na leo inatimia miaka saba tangu tukuzike. Siku ya kukuzika tulilia. Mwaka huu wote tumeogopa. Afadhali kulia.

Kaburi lako linaliwa. Watu wanakuja na vikopo, vitambaa, na chupa za dawa zilizokwisha. "Kidogo tu, mama, mgonjwa wetu yuko nyumbani." Hizo kidogo tu zimeacha shimo upande wa miguu. Mjomba analifukia kila Jumatatu kwa udongo wa bustani yake ya nyanya, na nje ya nyumba hii hajamwambia mtu. Siku hizi wanaondoka na udongo wa nyanya, wanaubusu, na sisi tunatazama chini.

Padri anayeshika faili lako alikuja nyumbani, akanywa chai, akatuambia kwa upole kwamba huenda siku moja kaburi likafunguliwa, ili mifupa itambuliwe rasmi. Mama alishika ukingo wa meza.

"Na mkimkuta amelala vibaya?" aliuliza.

Padri alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kabla hujavaa kanzu ya kahawia ya Wafransisko ulikuwa fundi bomba, na ulipoivaa uliendelea kuwa fundi bomba. Mjomba ndiye aliyekufundisha, na mpaka leo anasema wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kumrudishia spana ikiwa safi kuliko alivyoitoa. Uliitia kwenye mfuko wa kanzu, mfuko ukachanika, nikaushona. Ukachanika tena. Mara ya tatu niliutia kipande cha jinzi ya zamani, na mkubwa wa nyumba yenu ya watawa akaguna tu.

Hukuweza kupita kwenye bomba linalovuja. Tukienda kutembelea watu, ukiomba kunawa mikono, tulijua tumekukosa kwa saa nzima. Ulitoka na mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, ukatangaza kwa sauti ya mtu aliyeleta habari za msiba, "Koki ilikuwa imekwisha." Ndipo tukakuita Koki. Wenzako watawa walilidaka jina hilo, na wagonjwa nao, na sasa liko kwenye faili, kati ya mabano.

Ulikula upande wa mkate ulioungua ili mwingine asiupate. Ulitandika kitanda cha wageni hata ukiwa mgeni wewe. Ulicheka kwa pua.

Na ulikuwa mwoga.

Ulikuwa mwoga, Koki, mwoga hasa. Uliogopa radi, sindano, lifti, na mtu anayepaza sauti chumba cha pili. Ulipokuwa na miaka sita na mimi kumi, kati ya nyumba yetu na shule palikuwa na karakana ya seremala, na seremala alikuwa na mbwa. Ulisimama pale kila asubuhi kama umepigwa misumari. Siku moja, nikiwa nimechelewa na nimechoka nawe, nilishika pindo la shati lako nikalifunga fundo.

"Woga tumeufunga humu," nikakwambia. "Unao, haujaenda popote. Lakini hautakutangulia. Haya, tembea."

Ulitembea. Mbwa alibweka, ukakojoa, ukaendelea kutembea. Tangu hapo mashati yako yote yalikuwa na pindo lililokunjamana, na Mama akiyafua aliuliza, "Huyu mtoto anatafuna nguo?" Hatukumwambia. Ilikuwa siri yetu wawili.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Wodi ya kutengwa ilijaa, na maji yakakatika. Fundi wa hospitali alikataa kuingia. Ana watoto, hakuna anayemlaumu. Wewe uliingia kwa siku moja, kubadilisha vali ya tangi. Ulikaa wiki saba. Uliyarudisha maji, kisha ukaona hakuna mikono ya kuyabeba, ukayabeba. Uliwaosha watu ambao ndugu zao walisimama nje ya uzio. Ulituandikia kwamba kazi ni ile ile, kufuata maji yanakotakiwa kwenda.

Muuguzi mmoja alikupiga picha kando ya tangi. Kanzu imelowa, macho umeyafumba kwa jua, na kwenye kamba ya kiunoni kuna mafundo manne. Matatu kila mtu anayajua, ni nadhiri za utawa: ufukara, useja, utii. La nne ndilo lililowatoa watu usingizini. Ulipofariki, ukiwa na miaka ishirini na minane, wakasema ni nadhiri ya siri, kwamba ulimwahidi Mungu kufa kwa ajili ya wagonjwa. Leo mlangoni pa kanisa zinauzwa kamba za mafundo manne. Kwenye kijikaratasi cha sala, chini ya picha ile, wameandika: Bruda asiyejua woga.

Miaka saba nilipita mbele ya kamba hizo bila kuzitazama. Maana saa sita mchana, siku moja ya wiki ile ya sita, ulinipigia simu kutoka chumba cha pampu.

"Dada."

"Nakusikia."

"Njoo unichukue."

"Umeugua?"

"Sijaugua. Naogopa. Leo wamekufa wanne kabla ya chai. Mikono yangu haishiki spana, dada. Njoo, sema Mama anaumwa. Sema lolote."

Nilisikia pampu ikinguruma nyuma yako. Nilikuwa na nauli. Nilikuwa na viatu mguuni.

"Una shati?" nikakuuliza.

"Nina kanzu."

"Na kamba?"

Ukacheka kwa pua. "Mbwa wa seremala," ukasema.

"Funga," nikakwambia. "Halafu urudi ndani, uwapelekee maji."

Siku ya tisa baada ya simu hiyo ukaugua. Siku ya kumi na tatu simu iliyokuja haikuwa yako.

Hilo ndilo fundo la nne. Hakuna jingine.

Mwaka huu niliitwa kutoa ushahidi. Padri wa faili alisema wanataka yote, yanayokupandisha na yanayokushusha. Jioni iliyotangulia nilimkuta Mama jikoni akichambua mchele, nikamwambia. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Umekaa na hili miaka saba?"

"Nimekaa nalo."

"Na kesho utalisema?"

"Kesho nitaapa, Mama."

"Basi usiende. Nitasema unaumwa."

"Ndivyo alivyotaka yeye. Niseme unaumwa wewe. Nilimkatalia, yeye akiwa mle ndani. Mimi nitajikubalia vipi?"

Mama alisukuma sinia. "Watamtoa kwenye faili," alisema. "Watamtoa, wataniachia nini? Kaburi lenye shimo?"

Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Asubuhi nilifunga pindo la blauzi yangu, nikaenda. Niliyoulizwa mle ndani siyasemi, niliapa kutoyatoa nje. Lakini nililolijua mimi kabla hawajaniuliza halikuwamo kwenye kiapo.

Siku kumi na moja Mama hakunisemesha. Alinipakulia, alinifulia, alinifungia dirisha mvua ilipokuja. Hakunisemesha.

Siku ya kumi na mbili alikuja mwanamke mmoja na karatasi ya hospitali mkononi. Wageni wako Mama huwaonyesha ndala zako, zile zenye kisigino kilichoisha upande mmoja. Huyu alikataa kuketi.

"Nitazigusa tu," alisema. "Kumwomba sithubutu. Jumanne napasuliwa, na jana nimetapika kwa woga. Yeye hakujua woga. Ataniona mjinga."

Mama alikuwa anaosha vikombe. Alikausha mikono kidole kimoja kimoja.

"Nani kakwambia hakujua woga?"

"Imeandikwa, mama."

"Walioandika hawakumfulia kaptula."

Yule mwanamke hakujua acheke au akimbie. Mama alisogea, akashika ncha ya mtandio wake, akaifunga fundo, akalikaza kwa meno. "Mwanangu alikuwa anaogopa hata sindano," alisema. "Akafunga hivi, akaingia. Woga wako uko humu. Hautakutangulia." Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja. "Unasemaje pale mwisho, wewe?"

"Haya, tembea," nikasema.

"Haya, mwanangu," Mama akamwambia mgeni. "Tembea."

Yule mwanamke alicheka huku analia, akaenda. Upasuaji ulikuwa Jumanne iliyopita. Hajarudi, na namba aliyotuachia haipatikani. Mlango ukigongwa, Mama anaacha kikombe kwenye maji na kusimama. Bado hatujui, Koki. Ikiwa tulikosea kumwambia atembee, tumekosea kabisa.

Habari zilifika kanisani kabla ya huyo mwanamke kufika kituo cha basi. Mama Mwenyekiti wa kikundi cha waombaji wako alikuja na karatasi imeshachapwa. Tulitakiwa kuisaini na kuiweka kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako: familia inaomba radhi kwa maneno yaliyowakwaza waumini, Bruda alikuwa shujaa asiyejua woga, na fundo la nne libaki fumbo.

"Mnamshusha," alisema.

"Tunamshusha kutoka wapi?" Mjomba aliuliza. "Alikuwa hapandi hata lifti."

"Mzee, usinifanyie utani. Watu wamemweka moyoni mtu asiyeogopa. Mkiwapa mwoga, watamfanyia nini?"

"Watakaa naye," Mama alisema. "Nilikaa naye mimi."

Mwenyekiti si mtu mbaya. Anafagia kaburi lako kwa mikono yake, na alipoinuka aliiacha karatasi yake mezani. "Faili likifungwa," alisema mlangoni, "msinitafute."

Nasi tunaogopa litafungwa. Tunaogopa pia halitafungwa, na siku moja watakuja na majembe yao ya heshima, na Mama atasimama pale kuona ulivyolala. Yote mawili tunayaogopa kwa usawa, kila asubuhi, kabla ya chai.

Iko radhi moja tu niliyokuwa nayo, na ni yako. Nimeianza mara nyingi. Ningekuja siku ile ungekuwa na miaka thelathini na mitano leo, kipara kinaanza kama cha Mjomba, unatuchelewesha kwenye nyumba za watu. Nikilala nasikia ile pampu. Lakini nikikuomba radhi kwa lile fundo, nitakuwa nimesema nililifunga mimi. Mimi nilifunga la shati. La kamba ulilifunga wewe, kwa mikono iliyokuwa haishiki spana, ukarudi ndani, na mle ndani watu walipata maji. Sitakunyang'anya hilo ili mimi nipate usingizi.

Unakumbukwa na Mama, ambaye sasa anawafunga wageni mitandio bila kuulizwa. Na Mjomba, fundi wako, ambaye ameitundika spana yako ukutani na haruhusu iguswe, si kwa ibada, ila anasema tutaipoteza. Na wapwa zako wawili, wanaopita mbele ya mbwa wa watu na mapindo yaliyokunjamana. Na ndugu zako watawa, ambao mabomba yao yanavuja tena. Na mimi dada yako.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, Koki, wewe pamoja na woga wako.

Mwenyekiti aliacha nafasi tatu za sahihi chini ya karatasi yake. Tumemrudishia ikiwa tupu. Hatuombi radhi.