Neno Ulilolitaka Kwa Kizungu

Dada Sidi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kukutaja bila kukuamkia. Mama hajambo, ila bado anakupakulia chakula. Hatumkatazi.

Nakuandikia kwa sababu ya lile neno.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Port Reitz, ninakofundisha? Kule kiwandani kwenu Changamwe kitambaa kilikuwa kimepotea, msimamizi akakushuku wewe, akakuvua viatu, akakukalisha sakafuni mbele ya wenzio, akamwaga mkoba wako. Kitambaa kikaja kuonekana ghalani. Ukaitwa kikaoni, na meneja hajui Kiswahili. Ukaniuliza, "Mwalimu, aibu kwa Kizungu yaitwaje?"

Nikakujibu "shame", kisha nikasita. Hiyo humpata mtu akijua amekosa. Wewe hukukosa. Nikafikiria "embarrassment", lakini hilo ni la mtu aliyeteleza mbele ya watu, na kesho akacheka. Nikakupa "humiliation". Nikakueleza kwamba asili yake ni Kilatini, kwenye neno la udongo: kumshusha mtu mpaka chini.

Ukasema, "Basi ni hilo. Chini nilikaa kweli."

Nikaongeza kwamba "humility", unyenyekevu, limetoka hukohuko. Hapo ukaudhika. "Kanisani najishusha mwenyewe, Mwalimu. Pale nilishushwa."

Kikaoni msimamizi alisema hakukusudia kukuaibisha. Ukalitamka neno lile polepole, meneja akakuelewa, kisha ukamgeukia yule bwana kwa Kiswahili: "Sikuaibika mimi. Ulinidhalilisha." Wakasema watalifikiria. Homa ya mapafu ikakuchukua wakiwa bado wanafikiria. Hapo ndipo ninapokwama, dada. Kila siku.

Sasa sikia. Wiki iliyopita yule msimamizi alikuja nyumbani Utange, peke yake. Akamwambia Mama, "Nilimkosea mwanao. Nisamehe."

Mama hakumfukuza. Alimpa kiti, akamwambia, "Hukumkalisha chini hapa kwangu, baba. Nenda ukaseme pale ulipomkalisha."

Nilidhani ndio mwisho wake. Lakini jana rafiki yako Mbodze alinipigia simu akilia. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, msimamizi alisimama mbele ya zamu nzima akasema, "Sidi hakuiba. Mimi nilimdhalilisha." Hivyo hivyo, kwa neno lako. Mbodze asema hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alilitaja jina lako, na wengine wakalitaja, mmoja mmoja, kisha wakaenda kwenye mashine zao.

Nilifurahi. Halafu nikakasirika kwamba hukusikia, na hasira hiyo haijaniisha.

Lala salama, dada yangu. Binti yako Neema yuko kwangu, ameanza kuuliza ulivyokuwa. Nakuahidi nitamsimulia yote, hata siku ile ya sakafuni. Sitamficha, maana hakuna chako cha kuonewa haya.

Mdogo wako,
Kache